Shangazi, mmoja kaniambia niongeze sindano, mwingine kaniambia niache kabisa

Shangazi, shikamoo. Mbukwenyi.

Mimi ni mwanaume wa miaka 47, nina mke na binti mmoja wa miaka 12. Tunaishi Nkuhungu hapa Dodoma, na nina ekari tatu za zabibu kule Hombolo ambazo ndizo zinazotulisha. Nakuandikia usiku, mke kalala, maana haya siwezi kumsimulia mtu tukiwa tumekaa uso kwa uso.

Binti yetu akiwa hajatimiza mwaka nilipatwa na matubwitubwi. Watu walicheka, wakasema ugonjwa wa watoto. Lakini yalishuka chini, korodani zote mbili zikavimba, nikalala na homa karibu wiki mbili. Zilipopoa zikasinyaa. Miaka ikapita nikawa mtu wa kuchoka tu: ndevu zinaota kwa shida, hamu ya mke imekufa, misuli imeisha. Miaka sita iliyopita daktari alinipima asubuhi mara mbili, siku tofauti, akaniambia korodani hazitengenezi tena testosteroni ya kutosha. Nikaanzishiwa sindano ya mafuta, miligramu 250 kila baada ya wiki tatu. Sitaki kuisema vibaya hiyo sindano, ilinirudisha kuwa mtu.

Ila wiki ya tatu siku zote nilikuwa nanyong'onyea. Desemba iliyopita, sindano ikiwa inakaribia, nilikwenda kliniki moja nikapima homoni. Karatasi ikasoma 7.3. Nikaambiwa iko chini sana, tuongeze, uwe unachoma kila wiki mbili. Miezi miwili ya kwanza nilifurahi mno, nilipogoa karibu ekari nzima na vijana wawili tu.

Baadaye mambo yakaharibika. Uso unawaka, macho mekundu, kichwa kinauma kila nikiamka. Presha nilipima famasi ikawa 158 kwa 98, wakaniuzia dawa. Mgongo umejaa chunusi kama kijana wa sekondari. Chini ya chuchu ya kushoto kuna kitu kigumu kama mbegu ya ubuyu, shati likigusa tu naumia. Vijana wa jimu wakaniuzia tamoksifeni wakasema inayeyusha. Mwingine kaniambia nimeze aspirini kila siku kulainisha damu, nameza. Nakoroma hadi mke kahamia chumba cha binti. Anasema kuna wakati nanyamaza kabisa, hapumui mtu, halafu nashtuka kama nimetolewa majini. Na hasira, Shangazi. Juzi mnunuzi alikuwa amesimama pale shambani, kijana wangu akachelewa kuleta mzani, nikapiga teke kreti. Zabibu zote vumbini. Mnunuzi aliangalia chini kama yeye ndiye aliyekosea.

Mwezi uliopita nikaenda hospitali nyingine. Nilitoka shambani moja kwa moja, saa saba mchana, siku ya tatu tangu nichome. Homoni ikasoma 1,480. Himoglobini 18.9, hematokriti 57. Daktari akashtuka, akaniambia acha hiyo dawa kabisa, utapooza. Kutoka 7 hadi 1,480, Shangazi! Zaidi ya mara mia mbili ndani ya miezi michache!

Sindano nyingine ni Jumamosi, kiboksi kiko kwenye droo. Na kuna jingine. Mke wangu ana miaka 39, anataka tupate mtoto wa pili kabla umri haujamkatalia. Mimi nimekuwa nikimwambia sindano hizi ndizo zinazotuandalia mtoto huyo. Niongeze, nipunguze, au niache?

Mkulima wa Zabibu, Nkuhungu

*

Marahaba, mwanangu. Mbukwa.

Tuanze na Jumamosi. Usichome. Mengine mengi uliyoniandikia yanaweza kusubiri wiki moja au mbili, lakini damu yenye hematokriti 57, yaani asilimia 57 yake ni chembe nyekundu, haiongezewi kichocheo kingine. Madaktari wa homoni wamechora mstari kwenye 54: ikivuka hapo sindano inasimamishwa, chanzo kinatafutwa, na damu ikishuka dawa inaanzwa tena kwa kiasi kidogo zaidi. Angalia nilivyosema, inasimamishwa. Mtu ambaye korodani zake zimekufa kwa matubwitubwi hawezi kuambiwa "acha kabisa" kisha akaachwa hivyo hivyo miaka nenda rudi; uchovu utarudi wote, na mifupa nayo itaanza kuliwa polepole. Ukikosa sindano moja utanyong'onyea, utakuwa mkimya mezani, basi.

Na kabla hujasoma mstari mwingine: ukiona mguu mmoja umevimba na unauma kwenye shavu la mguu, ukibanwa pumzi ghafla, kifua kikikubana, mdomo ukienda upande, mkono ukifa ganzi au jicho likaingia giza, usingoje Jumatatu na usiniandikie mimi. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, na jambo la kwanza utakalosema mapokezi liwe kwamba unachoma testosteroni na damu yako imekuwa nzito.

Sasa zile karatasi mbili. Mimi ni nesi mstaafu, nimekaa wodi ya wanaume miaka mingi, dozi atakupangia daktari na si mimi. Lakini karatasi za maabara nimezisoma hadi macho yakachoka, na hizi zako zimenifanya nivae miwani mara mbili.

Homoni yako haikupanda mara mia mbili. Zitoe hizo karatasi uziweke sambamba, uangalie herufi ndogo zilizo mbele ya namba. Nina hakika ile ya Desemba imeandikwa kwa nanomoli kwa lita, na hii ya juzi kwa nanogramu kwa desilita. Ni kama mtu mmoja amepima gunia kwa kilo na mwingine kwa debe. Chukua 7.3 uzidishe kwa 28.8, unapata kama 210. Kwa hiyo tunalinganisha 210 na 1,480. Bado ni tofauti kubwa, lakini sasa ni tofauti ya kibinadamu.

Na hiyo tofauti imetoka wapi? Imetoka kwenye kalenda. Desemba ulipima sindano ikiwa imekwisha mwilini, siku mbili tatu kabla ya nyingine. Juzi ulipima siku ya tatu, sindano ikiwa kileleni. Sindano hizi za mafuta, kama enanthati, hupanda haraka siku chache za mwanzo kisha hushuka hadi mkia. Ndiyo maana wataalamu husema mtu wa sindano apime katikati, yaani kama anachoma kila siku 14 basi apime siku ya saba, na namba inayotafutwa hapo iwe kati ya 350 na 600 hivi kwa hizo nanogramu. Hakuna aliyekupima katikati. Mmoja kaona bonde akasema ongeza, mwingine kaona mlima akasema acha, na wote wawili walikuwa wanamwangalia mtu yule yule. Siwalaumu sana. Kama hukuwaambia siku uliyochoma, na wao hawakuuliza, wangejuaje?

Nikuulize kitu kimoja cha shambani. Zabibu zako unazimwagilia kwa matone, sivyo? Mtu akikwambia fungua bomba mara moja tu kila wiki tatu, furika shamba zima, halafu funga uende Dar kwa treni, utamwona ana wazimu. Mizizi itaoza wiki ya kwanza na majani yatasinyaa wiki ya tatu. Maji ni yale yale kwa mwezi, ila mmea umepata mafuriko na ukame. Piga hesabu ya sindano zako sasa. Miligramu 250 kwa wiki tatu ni wastani wa 83 kwa wiki, na mwongozo unaotumika sana unataja 75 hadi 100 kwa wiki. Kumbe dozi yako ya miaka mitano haikuwa ndogo hata kidogo. Kilichokuwa kinakunyong'onyeza wiki ya tatu ni mpangilio. Dawa ya mpangilio ilikuwa kugawanya, uchome kidogo kidogo na mara nyingi zaidi. Wao wakaacha kichupa kizima vile vile wakakisogeza karibu, ukafika 125 kwa wiki. Tangu hapo ndipo uso ukaanza kuwaka.

Najua kwa nini inafanywa hivyo. Dawa inakuja kwenye kichupa cha kuvunja shingo, miligramu 250 ndani, na ni rahisi kwa kila mtu kuvuta yote na kumaliza. Ukigawanya, kinachobaki kinamwagwa, na roho inauma kwa sababu ni hela. Lakini nakuomba, kile kinachobaki usikifunge kwa pamba ukakiweka kwenye friji karibu na mlenda. Kichupa kikishavunjwa hakihifadhiwi. Nimeona jipu la tako lililotokana na ubahili wa namna hiyo, na yule baba alilala kifudifudi siku tisa. Muulize daktari kama kuna chupa ya kutobolewa yenye dozi nyingi, au kuna ile ya muda mrefu, andekanoati ya miligramu 1,000, inayochomwa polepole sana na, baada ya mbili za mwanzo, hurudiwa kila wiki 10 hadi 14. Hiyo mteremko wake ni mpole. Ila unabaki kituoni nusu saa ukiangaliwa baada ya kuchomwa, na kama damu yako bado nzito si wakati wake, maana ikishaingia haitoki.

Ukibadilishiwa aina ya dawa, soma kiboksi. Ipo moja, Sustanon, ambayo mafuta yake ni ya karanga. Mwenye mzio wa karanga haimfai. Watu wa Kongwa watacheka, karanga zilizowashinda Waingereza kwenye mradi wao ulioanza mwaka 1947 zimerudi kwa mlango wa sindano. Na kiboksi chako kisikae kwenye dashibodi ya pikapu. Joto la Dodoma unalijua.

Nirudi kwenye damu, maana ndiyo inayoninyima usingizi. Testosteroni huchochea uboho utengeneze chembe nyekundu. Ndiyo sababu moja ya wewe kupata nguvu, na ndiyo hiyo hiyo inayoweza kukudhuru. Chembe zikizidi, damu inakuwa kama uji uliolala, inapita kwa kusukumwa. Kichwa kinauma, uso unajaa, presha inapanda. Rudia kipimo wiki hii, na urudie vizuri. Ulipima saa saba mchana umetoka juani, na nakujua, tangu alfajiri ulikuwa umekunywa kikombe kimoja cha chai. Mwili ukikaukiwa maji, chembe zinaonekana nyingi kuliko zilivyo. Kunywa maji ya kutosha jana yake, nenda asubuhi, usipitie shambani. Inawezekana 57 ikasoma 55. Usishangilie, 55 nayo imevuka mstari. Nataka tu daktari apate namba ya kweli ya kuanzia.

Wapo madaktari watakaotaka kukutoa damu, chupa moja. Ni uamuzi wao, na kuna wakati inafaa. Lakini ukigeuza kutoa damu kuwa mtindo, kila miezi miwili unatoa huku sindano ni ile ile, utaishiwa madini ya chuma na chembe zitarudi zile zile. Na kama utakwenda kuchangia damu kwa hiari, waambie unatumia nini.

Aspirini uliyopewa haipunguzi chembe nyekundu hata moja. Inazuia chembe sahani zisigandane, basi, na kwa mtu mwenye presha 158 anayeimeza kila siku bila kuandikiwa, inaweza kumtoboa tumbo au kumvujishia damu mahali pabaya. Tamoksifeni ni mbaya zaidi kwako. Ni dawa halali, madaktari huitumia kwa matiti ya wanaume pia, lakini moja ya madhara yake yanayojulikana ni kugandisha damu. Damu yako tayari ni uji, na kijana wa jimu amekuongezea unga. Hiyo iache leo. Aspirini mwambie daktari akuamulie siku hiyo hiyo utakayomwona. Dawa ya presha usiiache ghafla. Nenda nayo na kiboksi chake, aione.

Unaona kilichotokea, mwanangu? Sindano ilizidi, ukatafuta dawa ya presha, kisha dawa ya damu, kisha dawa ya chuchu. Kila duka lilikuuzia kitu cha kuzima moshi, na hakuna aliyeuliza moto uko wapi. Siku nikiwa bado kazini tulikuwa na baba mmoja aliyekuja na mfuko wa rambo wa dawa, nikazihesabu kumi na moja; tulipomaliza kuzipitia, tatu tu zilikuwa za ugonjwa wake na nyingine zilikuwa zinatibiana zenyewe kwa zenyewe.

Hicho kigumu cha mbegu ya ubuyu, nitakwambia kinavyokuja. Sehemu ya testosteroni mwilini hugeuzwa kuwa estrojeni, homoni ambayo wanawake wanayo nyingi zaidi, na kazi hiyo hufanyika sana kwenye mafuta ya mwili. Ukichoma nyingi kwa mara moja, kinachogeuzwa nacho kinakuwa kingi. Kama na kitambi kipo (hukukitaja, nami sikuulizi mbele za watu) kinageuza zaidi. Mara nyingi vilele vikishushwa maumivu yanapoa, hasa kama uvimbe haujazidi miezi michache. Lakini lazima daktari akishike kwa mkono wake. Saratani ya titi kwa wanaume ni adimu, ila ipo, na kigumu cha upande mmoja hakipimwi kwa barua. Usikubali pia yule kijana akuletee kidonge kingine cha "kukata estrojeni". Mwanaume anaihitaji kidogo, mifupa yake inaitegemea.

Chunusi zitapungua dozi ikitulia. Hasira nazo, kwa sehemu. Kwa sehemu, nasema, kwa sababu kreti hakulipiga homoni peke yake, nawe kijana wa mzani unatakiwa kumwomba radhi. Sindano haiombi radhi.

Moyo je? Hukuuliza, lakini neno "utapooza" litakuwa limekukaa kichwani. Mwaka 2023 yalitoka majibu ya utafiti mkubwa wa Marekani, wanaume zaidi ya 5,000 wenye upungufu wa homoni hii na wenye ugonjwa wa moyo au hatari ya kuupata. Waliopaka jeli ya testosteroni hawakuzidi kupata shtuko la moyo wala kiharusi kuliko waliopaka jeli tupu. Hata hivyo mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio yaliwapata zaidi, na damu kuganda kwenye mapafu vilevile. Na kumbuka hao walikuwa wanapimwa na kupunguziwa kila namba zilipopanda. Wewe miezi yote hii hakuna aliyekupunguzia.

Tezi dume nayo nitaipita haraka: kwa umri wako na dawa hii unatakiwa kuwa na kipimo cha damu cha tezi hiyo, kiitwacho PSA, cha kuanzia na kukirudia, ili kikipanda kwa kasi kionekane. Kama hujawahi, kitolewe kwenye damu hiyo hiyo ya wiki hii.

Nimebakiwa na mawili, na ndiyo mazito.

La mtoto. Mwanangu, umemwambia mkeo kinyume cha ukweli. Pengine hukujua, nakubali. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo iitwayo pituitari, ndiyo inayoziamuru korodani zitengeneze homoni na mbegu. Ikiona damu imejaa testosteroni ya sindano, inanyamaza. Korodani zisipopata amri, mbegu zinakauka. Shirika la Afya Duniani liliwahi kuijaribu sindano hii, miligramu 200 kila wiki, kwa wanaume wazima wa afya njema kama njia ya uzazi wa mpango, na matokeo yalichapishwa mwaka 1990: wengi mbegu zilifika sifuri. Yaani umekuwa ukimwahidi mkeo mvua huku umeziba mawingu.

Kwa wanaume wengi, wakiacha sindano, mbegu hurudi baada ya miezi sita hadi mwaka, wengine hadi miaka miwili. Kwako ni vigumu zaidi, maana matubwitubwi yalishaziumiza korodani zenyewe kabla ya dawa. Zipo sindano nyingine ambazo huziamsha korodani kwa wale ambao tatizo lao liko kwenye pituitari. Kwa zilizoharibika zenyewe hazina nguvu sana. Tafuta kile kipimo cha miaka sita iliyopita, kabla hujaanza dawa. Kama waliandika LH na FSH, zile homoni za pituitari zinazoziamuru korodani, na zilikuwa juu, inaonyesha ubongo ulikuwa unapiga kelele na korodani hazisikii. Fanya kipimo cha mbegu. Halafu mkae na daktari wa uzazi, wote wawili, kwa sababu miaka 39 ya mkeo haitangoji utayarishe maneno. Na mwambie kabla ya siku hiyo. Akisikia kwa daktari kwa mara ya kwanza, hatakusamehe kirahisi, na mimi nitamuunga mkono.

La pili ni kukoroma. Wewe umelitaja kama kero ya chumbani. Mtu anayekata pumzi usingizini damu yake inapungukiwa hewa usiku kucha, mwili unajibu kwa kutengeneza chembe nyekundu nyingi zaidi, na kichwa kinauma asubuhi, presha inapanda. Umeona? Yale yale. Testosteroni ikizidi inaweza kuuzidisha ugonjwa huo, na ugonjwa huo unaongeza damu nzito, vinasaidiana kukubeba kaburini. Hata dozi ikipangwa vizuri, kama pumzi inakatika usiku hematokriti inaweza kugoma kushuka. Na kama umewahi kusinzia ukiendesha kutoka Hombolo, sema ukweli kwa daktari. Mpaka hapo usukani ushikwe na kijana.

Kwa kwenda, omba rufaa kwa bingwa wa magonjwa ya ndani, au wa homoni kama yupo siku hiyo, na wa njia ya mkojo. Hospitali ya Benjamin Mkapa iko pale jirani na UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, huna haja ya kupanda treni. Karatasi zote mbili ziende, na ile ya zamani. Chukua daftari la binti lililobaki kurasa, andika tarehe za sindano zote unazokumbuka tangu Desemba, na mbele ya kila tarehe uandike siku ile ulijisikiaje: siku ya pili nilipiga kreti, siku ya kumi na tatu sikuamka. Ukiulizwa umechoma lini, ufungue daftari, usikune kichwa.

Na usiku wa leo mwombe mkeo arudi chumbani mara moja tu, na simu. Akurekodi ukiwa umelala, dakika tano, hasa ile sehemu unayonyamaza. Daktari akiisikia hiyo hatakuuliza maswali mengi.

Shangazi